Dada, Mahema Ninayo, Maneno Sina

Wadogo zangu, vuteni mkeka tukae. Wiki hii nimepokea barua tatu za wachumba wasiojibu meseji. Hizo zinaweza kungoja. Hata wiki ijayo watakuwa bado hawajajibu. Leo tuongee biashara.

Aliyeniandikia ni mdogo wetu wa Bugembe, hapo nje kidogo ya Jinja. Anasema: “Dada, habari za siku nyingi. Ninakodisha mahema, viti, meza na vyombo vya shughuli. Stoo ya kwanza iko Jinja, ya pili nimeifungua Mbale. Kijana mmoja wa kompyuta amenitengenezea tovuti, nimemlipa, na kweli inapendeza. Watu wanaingia, wanatoka, simu hailii. Yeye anasema tovuti haina kosa. Nimekubandikia hapa chini maneno yaliyomo. Nifanyeje?”

Nimeyasoma. Yanaanza hivi: “Karibu katika ulimwengu wa sherehe zisizosahaulika! Sisi ni kampuni inayoongoza Afrika Mashariki, yenye timu iliyojaa ari na maono ya kuzigeuza ndoto zako kuwa kweli.”

Mdogo wangu, nimerudia mara tatu na sijaona hema wala kiti. Mtu angedhani unauza bima. Au magodoro. Kijana wako wa kompyuta hana kosa: yeye amejenga ukumbi, akapaka rangi, akaweka taa. Lakini mgeni akiingia ukumbini akakosa mwenyeji wa kumwambia akae wapi, hugeuka akaondoka. Maneno ya ule ukurasa wa mapokezi, ule ambao mtu anaufikia akibofya jina lako, ndiyo mwenyeji.

Wapo watakaokuambia usijisumbue, maana chema chajiuza. Sawa, lakini methali hiyo imetoka zama ambazo mnunuzi alipita mbele ya kibanda chako akakigusa kitu kwa mkono. Mteja wako wa leo yuko Namutumba, au Nairobi, au yuko kazini Dubai akimwandalia mamake shughuli. Hema lako hawezi kuligusa. Anachoweza kugusa ni maneno yako.

Nani hasa anakusoma?

Umeandika kana kwamba unamwimbia bibi harusi. Bibi harusi atakutafuta, ndiyo, lakini si yeye anayeamua. Wewe ni mtu wa huku, unajua harusi zetu, na kwanjula za kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, zinavyokwenda: kuna vikao. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na watu wanaoahidi hela kwa sauti kubwa kuliko mifuko yao. Siku moja mwenyekiti anasema, “Mahema tumwachie fulani, atuletee bei Jumapili.”

Huyo fulani ndiye msomaji wako. Amekaa kwenye taksi kati ya Iganga na Jinja, simu mkononi, bando linakwisha. Anafungua kurasa tatu, anazipiga picha, anazirusha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu sitini. Shangazi mmoja anauliza: “Hiyo bei ni pamoja na usafiri?” Kama jibu liko kwenye picha, umeshinda nusu ya vita. Kama haliko, kundi linahamia kwa mwenzako, na wewe hutajua kamwe kwamba ulikuwa unajadiliwa.

Kwa hiyo kila sentensi ya ukurasa wako ipime kwa kipimo kimoja: je, mweka hazina anaweza kuisoma kwa sauti kikaoni bila kuona haya? “Maono ya kuzigeuza ndoto zako” hawezi. “Hema, kuta za pembeni na vijana wa kusimamisha, vyote vimo katika bei hii” anaweza.

Maneno unayo, yako kwenye simu

Unasema maneno huna. Si kweli. Kila siku unayatoa bure.

Niliwahi kushinda kutwa nzima dukani kwa rafiki yangu mmoja anayekodisha viti Mbale, si mbali na mnara wa saa. Nilikuwa nangoja gari, gari likachelewa, nikabaki kumsikiliza. Kabla ya magharibi simu ilikuwa imelia mara kumi na tisa, na maswali yote yalikuwa sita tu. Tarehe fulani mko wazi? Hema la watu mia ni kiasi gani? Usafiri ni juu ya nani? Mnakuja kusimamisha saa ngapi? Tunatanguliza kiasi gani? Na mvua je?

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kampuni ina maono gani.

Rafiki yangu alijibu yote kwa ufasaha, akicheka, akitaja vijiji kwa majina. Yule wa mwisho alimwambia: “Mama, tutakuja siku moja kabla, saa tisa mchana, tusimamishe kukiwa na mwanga, wewe ulale.” Nikaona mama wa watu huko aliko ameshusha pumzi. “Wewe ulale.” Rafiki yangu hajasoma utangazaji popote, lakini hapo alitunga tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kuona katika biashara hii, kisha akakata simu na tangazo likapotea.

Basi kazi ya kwanza: nunua daftari la kurasa mia, liweke kando ya simu. Kwa wiki mbili andika kila swali la mteja kama alivyoliuliza, kwa maneno yake, na jibu lako kama ulivyolijibu. Usilisafishe. Mwisho wa wiki ya pili hesabu. Maswali yaliyojirudia sana ndiyo vichwa vya ukurasa wako, na mpangilio wake ni huohuo: lililoulizwa zaidi liwe juu.

Kichwa cha ukurasa ni jina la kanga

Dada zetu wa pwani wanaponunua kanga, pindo wanaliangalia, rangi wanaziangalia, lakini mwishowe watauliza: hii inasemaje? Kanga bila jina ni kitambaa. Watengenezaji kama wale wa Mombasa wenye chapa ya “Mali ya Abdulla” wameuza kwa vizazi na vizazi wakiujua ukweli huo: mstari mmoja mfupi, unaosomeka mtu akiwa anatembea, ndio unaoitoa kanga dukani.

Kichwa cha ukurasa wako ni jina la kanga yako. Kinasomwa na mtu anayetembea. Kiseme mambo matatu: unakodisha nini, unafika wapi, na unamwondolea mteja mzigo gani. Mambo mengine yasubiri chini.

Badala ya ule “ulimwengu wa sherehe zisizosahaulika”, andika: “Mahema, viti na meza za kukodi, Jinja na Mbale.” Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo: “Tunaleta siku moja kabla. Tunasimamisha wenyewe, tunang'oa wenyewe. Wewe ulale.”

Najua utasema ni rahisi mno. Ni rahisi, ndiyo. Mtu mwenye bando linalokwisha hatafuti ushairi. Na ukitaja Jinja na Mbale kwenye kichwa chenyewe, Google nayo inajua ikupeleke kwa nani, kwa sababu watu hutafuta kwa jina la mji.

Hiyo “inayoongoza Afrika Mashariki” uifute leo hii. Nani amepima? Wala usijivike sifa isiyo yako. Tarehe 18 Novemba 2023 Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, William Gabula Nadiope IV, alimwoa Jovia Mutesi katika kanisa kuu hapo hapo kwenu Bugembe. Kama siku ile ulipeleka viti ishirini kwa jirani aliyetazama harusi kwenye televisheni, usiandike kwamba ulihudumu katika harusi ya Kyabazinga. Jinja watu wanajuana. Aliyepeleka mahema pale yupo, na ana simu.

Watu mia ni watu mia wa namna gani?

Hapa nataka unisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapoumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kwanjula ya binti wa ndugu yangu, kijijini upande wa Mbale. Kamati ilikodi hema lililoandikwa kwenye ukurasa wa kampuni moja: “Hukaa watu 100.” Wageni wetu walikuwa tisini. Tukahesabu, tukaona nafasi imebaki. Siku yenyewe tukaingiza meza za duara, maana bibi harusi alitaka meza za duara zenye maua katikati. Meza ya sita ilipoingia, hema likajaa. Wakwe waliketi kivulini, na sisi upande wa mwali tukabaki juani na magomesi yetu, jasho linatiririka, tunatabasamu kwa ajili ya picha.

Tulipowapigia, walijibu kwa upole: “Mia ni viti vya mistari, mama.” Hawakudanganya. Hema huhesabiwa kwa viti vilivyopangwa mistari kama kanisani. Ukiweka meza za duara za watu wanane hadi kumi, na njia ya wahudumu kupita na sahani, nafasi hupungua karibu nusu. Wao walilijua hilo kila siku ya maisha yao. Sisi tulilijua siku moja tu, tena mchana wa jua kali. Ukurasa wao haukusema uongo, ulinyamaza. Na mteja hatofautishi.

Kwa hiyo andika: “Hema la watu 100: viti vya mistari 100. Ukitaka meza za duara, hesabu watu 50 hadi 60.” Sentensi hiyo itakupotezea mteja mmoja aliyetaka kusikia uongo mtamu, na itakuletea kamati tano zilizowahi kuunguzwa na jua kama sisi. Fanya hivyo kwa kila kitu. Viti ni vya plastiki au vya chuma vyenye mito? Vina vitambaa au viko vitupu? Sufuria kubwa inapikia kilo ngapi za mchele? Jenereta inabeba muziki na taa kwa pamoja, au kimoja tu? Lile kasri la hewa la watoto kurukaruka linakuja na mtu wa kulisimamia, au mama wa mtoto ndiye atakayesimama hapo kutwa?

Bei, na barabara ya kwenda Mbale

Najua mnavyoogopa kuweka bei. “Mshindani ataiona.” Mdogo wangu, mshindani alishaijua; alimtuma binamu yake akupigie simu tangu mwaka juzi. Asiyeijua ni mteja tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha bei mteja humkimbia, kwa sababu akiona “wasiliana nasi kwa bei” anasoma “tutakuangalia viatu kwanza.”

Si lazima uweke bei ya kila kijiko. Weka bei ya kuanzia kwa vifurushi vitatu: shughuli ya watu 50, ya watu 100, ya watu 300. Chini ya kila kimoja orodhesha kilichomo na kisichomo. Neno “hakimo” lisikutie aibu. “Mapambo hayamo. Jenereta haimo.” Mtu akiambiwa mapema huongeza bajeti, akiambiwa asubuhi ya harusi huongeza sauti.

Halafu usafiri. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga, Namutumba na Tirinyi ni karibu kilomita 150. Hiyo si safari ya kuongezea mwishoni kwa sauti ya chini. Wewe una stoo mbili, na hiyo ndiyo nguvu yako kubwa kuliko zote, lakini umeificha kwenye ukurasa wa “kuhusu sisi” ambao hakuna anayeufungua. Ipandishe juu: “Uko karibu na Jinja? Mzigo unatoka Jinja. Uko karibu na Mbale? Mzigo unatoka Mbale. Hulipii barabara usiyoitumia.”

Kisha gawa maeneo kwa majina ambayo watu huyataja: Jinja mjini, Bugembe, Mafubira na Walukuba bei moja, Njeru ng'ambo ya Nile bei yake, Iganga bei yake, Mbale mjini, Namakwekwe na Nkoma bei yake. Na kwa wale wa mlimani, upande wa Wanale na kupanda Masaba, sema ukweli wa lori: linafika mpaka wapi mvua ikiwa imenyesha, na kutoka pale vijana wangapi watabeba. Mteja wa mlimani anaijua njia yake kuliko wewe. Akiona na wewe unaijua, atakuamini hata kwa mambo mengine.

Mvua nayo iwe na kisanduku chake, maana kule chini ya mlima huja mchana bila kupiga hodi. Andika ni mahema gani yana kuta za pembeni, vigingi vinaingia kwenye ardhi ya namna gani, na kama uwanja ni wa saruji unatumia nini kushikilia kamba. Andika pia shughuli ikiahirishwa kwa sababu ya mvua fedha iliyotangulizwa inakuwaje. Sheria hiyo unayo kichwani, itoe nje.

Anayekuja akilia

Jambo hili halijaguswa na ukurasa wowote niliouona, na ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Simu nyingi unazopokea si za sherehe. Ni za msiba. Saa nne usiku mtu anapiga, sauti imekatika, anataka mahema mawili na viti mia mbili alfajiri. Katika Busoga na Bugisu, kama kwetu sote, maziko ni ya kijiji kizima. Watu hawaulizwi kadi. Sasa fikiria huyo mtu anafungua ukurasa wako na kukutana na maputo, vipande vya karatasi za rangi vinavyoruka, na maneno “Tuifanye siku yako iwe ya furaha!”

Ataufunga papo hapo, na ana haki.

Weka mlango wa pili. Juu kabisa ya ukurasa, mstari mmoja mtulivu usio na alama ya mshangao: “Kwa msiba, piga namba hii saa yoyote, usiku au mchana.” Ukibofya, ufunguke ukurasa mfupi wenye rangi tulivu, hauna maputo, una mambo manne tu: pole, vitu vilivyopo, mtafika baada ya saa ngapi, na namba. Neno la pole liwe moja na liishe: “Poleni sana. Tutakuja.” Usiongeze mistari mitatu ya kuonyesha unavyoguswa, aliyefiwa anataka viti. Usimtake ajaze fomu yenye sehemu ya “aina ya sherehe”. Na kama una utaratibu wa kumruhusu alipe baada ya maziko, andika, maana hilo litakumbukwa na ukoo mzima hadi harusi ijayo.

Kalenda yetu si ya kigeni

Kijana wako amekuwekea picha ya watu wameshika glasi za shampeni, nyuma yao kuna theluji. Theluji, Bugembe!

Ukurasa wako uifuate kalenda ya hapa. Desemba ni ya harusi na kwanjula. Mwisho wa mwaka wa shule watoto wa chekechea wanavaa majoho. Idi ina shughuli zake, Mbale na Iganga hasa. Na kila mwaka wa namba shufwa, kama 2022 na 2024, Wamasaba wana imbalu: uzinduzi hufanyika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale, kwa kawaida mwezi wa Agosti, kisha vijana hutahiriwa ukoo kwa ukoo, kijiji kwa kijiji. Stoo yako ya Mbale miezi hiyo haitafanana na ya Jinja, basi na ukurasa usifanane.

Ila angalia maneno. Imbalu ni mila, si bethdei. Usiandike “kifurushi cha pati ya imbalu”. Keti na mzee mmoja wa Kimasaba, muulize familia yenye mtahiriwa huhitaji nini na inakiitaje, kisha andika hivyo. Hata ile salamu yao, mulembe, ikitangulia kwenye ukurasa wa Mbale, mtu anajua ameingia nyumbani.

Kuhusu lugha, wengi mtaandika Kiingereza kwa sababu wateja wenu hutafuta kwa Kiingereza, na si kosa. Lakini ongezeni na Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, na hata bila hilo, mteja anayevuka kutoka Bungoma kwa ndugu zake wa Mbale, au askari wa kambini Jinja anayeoa, atakielewa. Shika neno ambalo mteja analisema. Kama wateja wako husema tenti, andika tenti. Kama husema hema, andika hema. Mtu hatafuti neno asilolijua.

Picha, ushahidi na kitufe kimoja

Piga picha zako mwenyewe. Hema lako, nyasi zako, viti vyako hata kama kimoja kimepinda. Chini ya picha andika kinachoonekana: “Hema la watu 100 lenye mapazia meupe, Namutumba, Desemba.” Lakini sura za watu uziombe. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, adabu ipo: bibi harusi wa watu si bango lako. Na maneno ya sifa usiyatunge. Mteja akikutumia meseji ya shukrani, mwombe ruhusa uiweke kama ilivyo, na makosa yake ya herufi. Meseji ya “asante mlifika hata kabla ya wapishi” ina uzito kuliko nyota tano ulizojipa.

Picha ziwe nyepesi. Mwaka 2018 watu wetu walianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando zenyewe. Mteja anapofungua ukurasa wako anakulipia kiingilio kabla hujampa chochote. Usimlipishe video ya maputo.

Wengine mtaniuliza, si nina Facebook, tovuti ya nini? Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa Uganda. Waliokuwa wameweka duka lao lote humo waliamka wakakuta mlango umefungwa, na mteja akalazimika kupita dirishani kwa VPN. Nyumba ya kupanga ni nzuri, lakini uwe na kiwanja chako.

Mwisho wa ukurasa, kitufe kimoja. Si vitano. Kiwe cha WhatsApp, na akibofya akute ujumbe umeshaandikwa nusu: “Habari, nina shughuli tarehe ___, mahali ___, watu ___.” Anajaza mapengo matatu, anatuma, na wewe huulizi tena. Namba ianze na +256 ili ndugu wa ng'ambo aipige bila kukisia. Na kwenye malipo ya simu andika jina litakalotokea mtu akituma pesa. Akiona jina jingine kabisa, mkono wake utasita, na mkono uliosita huwa haurudi.

Sasa nikupangie mwanzo, wewe umalizie kwa bei zako:

*Kwa msiba, piga saa yoyote: +256…*

*Mahema, viti na meza za kukodi, Jinja na Mbale.*
*Tunaleta siku moja kabla. Tunasimamisha wenyewe, tunang'oa wenyewe. Wewe ulale.*

*Shughuli ya watu 100, kuanzia sh. ____. Vimo: hema, kuta za pembeni, viti 100 vya plastiki, vijana wa kusimamisha. Havimo: mapambo, jenereta. Ukitaka meza za duara, hema hili litatosha watu 50 hadi 60.*

*Usafiri: Jinja mjini na Bugembe sh. ____. Mbale mjini sh. ____. Mlimani, tuambie kijiji, tunaijua njia.*

*Unatanguliza nusu kushika tarehe. Nusu nyingine unalipa hema likiwa limesimama.*

*Uliza tarehe yako kwa WhatsApp.*

Hesabu, mdogo wangu: kila mstari hapo umejibu swali la simu. Hakuna hata mmoja uliotoka kwangu. Yote ni ya simu zenu za kila siku, nimekurudishia tu.

Ukimaliza, usimpelekee kijana wa kompyuta kwanza. Mpelekee mweka hazina wa kamati yoyote ya harusi mtaani kwenu, umwombe aisome kwa sauti mbele ya wenzake. Atakapokwama, ndipo pa kurekebisha. Atakapoinua macho na kuuliza, “Tarehe 20 mko wazi?”, hapo ndipo umpe kijana akaiweke mtandaoni.

Nunua daftari leo. Wiki mbili si nyingi, na Desemba haingoji mtu.